Hivi "harakati za kijamii" maana yake hasa ni ipi? Boda kugoma siku mbili nayo imo?

wa_barabara_ya_15

Assalaam aleikum na habari za jioni wadau, naombeni mnisaidie kabla sijachanganyikiwa. Mie nipo Tanga hapahapa Ngamiani, nasoma sayansi ya siasa mwaka wa pili, mchana nauza duka la mjomba usiku ndo nafungua notisi, kwahiyo mkiona nimeuliza kitu cha kijinga mjue akili ishachoka na hesabu za sukari na unga.

Tulipewa swali, "fafanua dhana ya harakati za kijamii". Nikaandika harakati za kijamii ni watu wanaoungana kudai haki zao. Nikajaza mifano, Nyerere, Mandela, Martin Luther King, nikaona hapo nimeua. Karatasi imerudi ina 4 kati ya 15, pembeni kwa wino mwekundu lekcha kaandika "kwa maana hii hata abiria wanaodai chenji kwa konda ni harakati". Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza una nini, afu nikanyamaza maana ukifikiria ni kweli kabisa.

Katupa wiki moja turudie. Sasa mwezi uliopita boda wa kijiwe cha karibu na kwetu waligoma siku mbili sababu ya faini, ile ni harakati au siyo? Chama cha siasa je? Na mashirika yenye ofisi na gari na mfadhili, maana wale ndo wanaitwa wanaharakati kwenye redio? Afu mama angu kila siku anasema "nipo kwenye harakati" akimaanisha anahangaikia mchele wa jioni. Naombeni maana moja iliyonyooka nikaiandike nilale.

Mzee_wa_Chaki

Wa aleikum salaam mwanangu. Maana moja iliyonyooka hutoipata, na lekcha wako analijua hilo. Mimi nimefundisha uraia sekondari mpaka nikastaafu, sasa nafuga kuku Pongwe, lakini hili swali bado linaniwasha kwahiyo nivumilie nikirefusha.

Jibu lako si uongo, kasoro yake halina kuta. Ukisema samaki ni kitu kinachokaa majini basi na ngalawa ni samaki, ndicho lekcha alichokufanyia na konda wake. Anza kwa kuuliza harakati siyo nini.

Kwanza siyo tukio. Umemtaja Martin Luther King, haya, chukua Montgomery, mji wa kule Marekani alikoanzia. Tarehe 1 Desemba 1955 Rosa Parks anakataa kumwachia Mzungu kiti kwenye basi, hilo ni tukio. Watu weusi wa mji ule wakasusia mabasi siku 381, hiyo tunaweza kuiita kampeni. Harakati ni kile kilichofanya mpishi na fundi cherehani atembee kwa miguu mwaka mzima na asirudi nyuma, yale makanisa, zile gari za kupeana lifti, vikao vya usiku, nyimbo, na kwamba waliporuhusiwa kukaa popote kwenye basi mambo hayakuishia pale, wakahamia kwenye migahawa na shule na kura.

Halafu siyo shirika. Hapa ndipo wengi wanateleza, na redio zinawasaidia kuteleza. McCarthy na Zald, wanasosholojia wa Marekani, mwaka 1977 waliitenga harakati, ambayo kwao ni yale maoni na matamanio ya watu kutaka jambo fulani la jamii libadilike, na mashirika yanayoyabeba matamanio hayo. Mie nilikuwa nawaambia wanafunzi shirika ni daladala, harakati ni abiria na safari yao. Daladala likiwaharibikia Mabawa watapanda jingine. Na yapo madaladala yanazunguka mjini hayana abiria hata mmoja, taa zinawaka, muziki juu, mafuta kalipa mfadhili.

Sasa kuta zenyewe. Mwitaliano mmoja Mario Diani, mwaka 1992, alikaa akapitia maana zote walizotoa wakubwa wenzake wa nadharia zinazogombana, akatafuta wanapokutana. Akatoka na vitu vitatu: uwepo mtandao wa mahusiano yasiyo rasmi kati ya watu na vikundi na mashirika, mtandao huo uwe kwenye mgogoro wa kisiasa au wa kitamaduni, na waliomo wajione ni "sisi", yaani wawe na utambulisho mmoja. Wapime abiria wa chenji. Mgogoro upo, tena mkali. Mtandao hamna, wakishuka Chumbageni kila mtu na njia yake. "Sisi" ndo kabisa hamna. Umeona kuta zinavyofanya kazi?

boda_wa_kijiweni

Shikamoo mzee. Nakuheshimu ila hapo kwenye tukio naona umetuonea maana mie ni mmoja wa hao waliogoma na kijana wa duka ananijua vizuri tu, ananidai soda mbili.

Sie tulikuwa thelathini na kitu. Tulipaki pikipiki mstari mmoja, helmeti tukaning'iniza kwenye vioo, katibu ana daftari la kaunta anaandika nani kaja nani hajaja, asiyekuja anatoa elfu tano ya kijiwe. Siku ya pili mchana tukaitwa, tukaambiwa faini itashuka, tukawasha tukaondoka. Sasa mtandao si upo, miaka saba tupo kijiwe kimoja, tumezikana, tumechangiana harusi. Sisi si ndo sisi. Mgogoro ulikuwepo. Kimepungua nini?

Afu kuna mwenzetu, simtaji, siku zote mbili alikuwa anapakia kule nyuma Mikanjuni kwa bei mara mbili, na faini iliposhuka ikashuka na kwake. Huyo nae mnamwita nani kwenye vitabu vyenu?

mla_bajia

Hahaha huyo yumo, tena kaandikiwa kitabu kizima. Mancur Olson, mchumi wa Marekani, 1965. Anasema faida ikishapatikana ni ya wote, kila mwenye akili atangoja wenzake waitafute yeye adandie, kama konda wa zamani anavyoning'inia mlangoni. Kwahiyo cha kushangaza kwake siyo watu kutoungana, cha kushangaza ni pale wanapoungana. Na dawa aliyoitoa ni hiyohiyo elfu tano yenu, lazima kuwe na kitu kinachomuuma mtoro au kinachomfurahisha mhudhuriaji, au kikundi kiwe kidogo watu wanajuana sura. Katibu wenu wa daftari la kaunta anafaa kufundisha chuo.

Mzee_wa_Chaki

Marahaba kijana wangu wa boda. Sijawadharau. Kilichopungua ni muda. Sidney Tarrow, nae wa Marekani, anasema harakati ni pale watu wenye lengo moja na mshikamano wanapowakabili wakubwa, wapinzani na wenye mamlaka kwa mvutano unaoendelea. Uzito wote uko kwenye hilo neno linaloendelea. Nyie mlivutana saa 30 kamba ikalegezwa upande wa pili, mkaiachia. Hicho ni kitendo cha pamoja, kizuri tu, ila mgomo mmoja ni tofali siyo nyumba.

Tofali lakini linaweza kuingia kwenye nyumba. Hapa Tanga makuli wa bandarini waligoma 1939. Mwaka 1947 wa Dar es Salaam wakagoma, mgomo ukapanda reli ya kati ukaenda bara. Kila mmoja ukiutazama peke yake ni siku kadhaa tu. Lakini kumbukumbu haikufa, watu wakajifunza wakikaa pamoja mizigo inaoza melini, vyama vya wafanyakazi vikaota, mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama hivyo la Tanganyika, na mashamba ya mkonge ya mkoa wetu huu nayo yakawaka mwishoni mwa miaka ya 50. Ukiitazama kamba yote ndo unasema hapa palikuwa na harakati za wafanyakazi.

bi_mkubwa_makorora

Nyie watoto wa kiume vitabu vitawamaliza. Mie sikusoma siasa niliishia la saba ila ngojeni niwape la kwetu mseme nyie lina jina gani.

Mtaani kwetu maji yalikata. Siyo siku mbili, miezi. Bili zinakuja. Tukipeleka mashtaka tunaambiwa fundi yuko njiani, huyo fundi nadhani alikuwa anatembea kwa magoti. Sasa sie tulikuwa na mchezo wetu wa kupeana hela kila mwezi, wanawake kumi na tisa, tumecheza tangu watoto wetu wadogo. Siku hiyo tupo kwenye khitma ya jirani, shughuli imeisha tunaosha masufuria kwa maji ya kununua, mmoja akasema jamani hela hii ya maji mie ingekuwa imenijengea choo. Basi pale pale palianza.

Tulinunua kanga sare, doti moja kila mtu na mwenziwe wakagawana, ilikuwa imeandikwa Mdhaniaye ndiye kumbe siye, hatukuichagua kwa maneno yake, ndiyo iliyokuwa nyingi dukani, lakini ilitufaa. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi tunakwenda na ndoo tupu tunakaa barazani kwenye ofisi yao. Hatupigi kelele. Tunakaa chini tunasuka ukili. Miyaa yetu tumekuja nayo, tunasuka, tunaongea habari zetu, adhuhuri ikiadhiniwa tunainuka tunasalimia tunarudi kwetu. Wiki ya kwanza walicheka. Wiki ya tatu wakatuita watu wawili ndani tukakataa, tukasema tukiingia tunaingia wote. Walivyohesabu viti wakaghairi. Mwezi wa nne hata mlinzi akawa anatuletea chai. Na wa mitaa mingine wakaanza kuja, tulifika mpaka watu sitini na, baraza haitoshi tukawa tunakaa mpaka chini ya mwarobaini.

Miezi saba. Bomba likaja. Mie nilisuka mikeka miwili mizima pale barazani na jamvi moja.

Hatukujiita harakati sie. Tulikuwa tunasema twende mchezo wa Jumatatu.

dada_wa_muheza

Bi mkubwa shikamoo, umenitoa machozi na umenisaidia hata mie ninaeandika shahada ya pili, Mungu akupe umri.

Kijana wa duka, isome hiyo posti mara tatu. Yupo Charles Tilly, alikuwa Mmarekani, mwanahistoria na mwanasosholojia, kwake harakati za kijamii ni vitu vitatu vikikutana. Kimoja ni kampeni, madai ya hadharani kwa wenye mamlaka yanayorudiwarudiwa, siyo mara moja. Cha pili ni yale matendo ambayo watu wa enzi hiyo wanayajua, maandamano, mikutano, hati ya madai, kuunda kikundi, kukaa barazani. Cha tatu ndicho mie nakipenda, watu waonyeshe hadharani mambo manne: kwamba wanastahili, ni wamoja, ni wengi, na wamejitoa. Sasa angalia. Sare ya kanga ndo umoja. Ndoo sitini chini ya mwarobaini ndo wingi. Jumatatu za miezi saba ndo kujitoa. Na ukili! Mtu anaesuka ukili huwezi kumwita mhuni wala mzururaji, ni mama wa watu yupo na kazi yake, hapo ndo wanastahili. Tilly aliandika kurasa na kurasa kueleza hicho, bi mkubwa kakisuka jamvi.

Na ona walivyoanza. Hawakuitisha mkutano wa watu wasiojuana, walitumia mchezo uliokuwepo. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa uhuru. Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaleta kina mama TANU mwaka 1955 alikwenda kwenye vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa ngoma, akawaingiza kwa makundi. Ngoma ilikuwa na viongozi, ina sare, ina michango, ina watu wanaoaminiana. TANU kama chama ilizaliwa Julai 1954 lakini huo mtandao wa kina mama ulikuwepo zamani na haukuwa mali ya chama. Hapo umepata na jibu la swali lako la chama: chama kinataka kushika serikali, kinaweza kuwemo ndani ya harakati kama TANU ilivyokuwemo ndani ya harakati za uhuru, ila harakati ni kubwa kuliko kadi zake.

wa_mtoni_Pangani

Mnasifia huyo Tilly wakati mie ninavyojua huyohuyo ndo anasema harakati za kijamii zilizaliwa Uingereza na Marekani kuanzia miaka ya 1760, kabla ya hapo dunia nzima hamna. Sasa mie nipo Pangani hapa. Mwaka 1888 Wajerumani wa ile kampuni yao walipotaka kupandisha bendera na kuchukua ushuru, watu wa mji huu walikataa, Abushiri bin Salim akasimama, pwani nzima ikawaka mpaka Bagamoyo na Saadani kwa Bwana Heri, wakapigana mwaka mzima na zaidi, Abushiri akaja kunyongwa hapahapa Pangani Desemba 1889. Mtandao ulikuwepo, mgogoro ulikuwepo, na walijitoa mpaka kufa. Leo niambiwe ile siyo harakati kwa sababu hawakuandika barua ya malalamiko London?? Yakhe hizi maana zimepimwa kwa mguu wa mtu mwingine afu tunaambiwa kiatu hakitutoshi.

dada_wa_muheza

Kaka umeuliza la maana, na hata huko kwao wanagombana juu ya hilo. Ila tofautisha heshima na jina. Tilly akisema ile siyo harakati za kijamii hasemi ilikuwa ndogo. Anasema ni aina nyingine. Bi mkubwa na wenziwe walikuwa wanaitambua ile ofisi, wanataka ifanye kazi yake. Abushiri hakutaka kampuni ya Kijerumani ifanye kazi yake vizuri, alitaka iondoke. Hakuna baraza la kukaa pale, ile ni vita ya kumtoa mgeni. Ukiyaita yote harakati unarudi kwa konda na chenji.

Lakini nakupa haki yako sehemu moja. Kipimo cha Tilly kinataka mambo yafanyike hadharani. Sasa mahali ambapo hadharani unakamatwa, watu wanafanyaje? Mchambuzi mmoja wa Marekani aliekaa na wakulima wa mpunga Malaysia, James Scott, alionyesha mwaka 1985 kwamba mnyonge ana silaha zake za chinichini, kuzembea makusudi, kujifanya hajui, kusengenya, kuiba kidogokidogo. Hiyo hata yeye haiiti harakati. Swali ni lini hayo ya chinichini yanageuka kuwa harakati.

mtoto_wa_Mlalo

Mimi nijibu hilo kwa mfano wa milimani kwetu Lushoto, maana nyie wa pwani mkisema Tanga mnasahau sisi tupo.

Wakoloni wa Kiingereza walianzisha mpango wa hifadhi ya udongo bonde la Mlalo mwaka 1946. Kila mwenye shamba la mteremkoni apige matuta, tena siyo matuta ya kawaida, matuta yanayokatana kama dirisha la nondo maji yasishuke. Asiyepiga anashtakiwa. Kazi yenyewe iliwaangukia wanawake kwa sehemu kubwa. Bibi yangu alikuwa akitusimulia jembe lilivyokuwa likigonga jiwe na mtoto mgongoni, na bwana shamba yuko juu ya njia ananyoosha kidole. Mwanzoni watu walifanya hivyohivyo anavyosema dada, tuta moja zuri karibu na njia, nyuma hamna kitu. Ule ni ujanja wa kila mtu shambani kwake. Lakini ilifika mahali jambo likawa la wote, watu wakakusanyika, wakawakabili machifu waziwazi kwamba nyie mko upande gani, na matuta yakaungana na habari ya nani anastahili kututawala. Mpango ukafa kabla hata uhuru haujafika. Milima ya Uluguru nako matuta yalileta ghasia 1955. Wameru wao waliohamishwa kwenye ardhi yao 1951 wakachanga hela, wakamtuma Japhet Kirilo mpaka Umoja wa Mataifa New York mwaka 1952.

Kwahiyo mimi naona mpaka ni pale "shamba langu" linapokuwa "mashamba yetu" na pana mtu wa kuulizwa. Kabla ya hapo ni manung'uniko.

mla_bajia

Na Gen Z wa Kenya, wale vijana walioandamana 2024? Hawana chama, hawana mwenyekiti, hawana hata daftari la kaunta. Tarehe 25 Juni wameingia bungeni, kesho yake rais anasema muswada wa fedha hausaini.

dada_wa_muheza

Ndo hapo maana ya Diani inapokuwa tamu, yeye anataka mtandao tu, hakuomba mwenyekiti. Mtandao ulikuwa kwenye simu. Na muswada ulipokufa hawakurudi nyumbani wote, madai yakapanuka. Mtu wa Tarrow atakwambia ngoja tuone miaka, mie namwelewa pia.

kamusi_ya_Raskazone

Mmesahau swali la mama yake. Neno lenyewe harakati tumelichukua Kiarabu, ni ndugu wa haraka, asili yake ni mwendo, kujitikisa. Ndo maana mama mwenye harakati za mchele hajakosea, yumo kwenye lugha kabla ya wasomi. Wasomi ndo wamekuja baadae wakaliazima kutafsiri neno la Wazungu, na hao Wazungu wenyewe mwanzoni walikuwa na maana nyembamba sana, Mjerumani Lorenz von Stein katikati ya miaka ya 1800 alipoandika habari hiyo alikuwa anazungumzia harakati moja tu, ya wafanyakazi wa Ufaransa. Wingi wake, harakati za wanawake, za mazingira, za amani, umekuja kushika sana baada ya miaka ya 1960.

Wengine wanatumia vuguvugu la kijamii. Mie silipendi, najua lipo kwenye vitabu, lakini mtu wa Tanga ukimwambia vuguvugu anafikiria maji ya kumwogeshea mtoto. Ingawa ukitafakari siyo baya sana, si baridi wala si moto, ndo hali ya watu kabla hawajachemka.

Kwahiyo kwenye karatasi yako andika wazi kwamba kwa matumizi ya mtaani harakati ni mahangaiko ya mtu mmoja, na kwamba wewe unalitumia kwa maana ya taaluma. Lekcha ataona una macho.

wa_barabara_ya_15

Jamani nimefunga duka mapema leo, mjomba kanuna lakini acha. Nimeandika hivi, nipigeni kabla yake:

"Harakati za kijamii ni mtandao wa watu, vikundi na pengine mashirika wasiofungwa na uongozi mmoja rasmi, wanaojitambua kuwa kitu kimoja, ambao kwa muda mrefu na kwa matendo ya hadharani wanavutana na wenye mamlaka au kundi jingine ili kubadilisha au kuzuia jambo linalowahusu wengi."

Afu mifano nimeweka barazani kwa bi mkubwa (sijataja mtaa), Mlalo, na Montgomery. Abushiri nimemweka kwenye aya ya mjadala. Boda nimewaweka kwenye aya ya "kitendo cha pamoja ambacho si harakati", samahani kaka.

Mzee_wa_Chaki

Imesimama. Hilo "au kuzuia" umefanya vizuri kuliweka, wengi wanasahau kwamba zipo harakati za watu wasiotaka mabadiliko, na siyo kila harakati ni ya watu wema. Ila "muda mrefu" atakuuliza ni mrefu kiasi gani, jiandae. Hakuna mtu aliyeweka idadi ya siku. Mimi ningejibu ni mrefu wa kutosha kwamba lilipopoa mara ya kwanza watu walirudi.

wa_mtoni_Pangani

Abushiri aya ya mjadala. Haya. Walau siyo tanbihi.

bi_mkubwa_makorora

Mie sijaelewa sentensi yako yote mwanangu ni ndefu kama foleni ya maji yenyewe, ila pale kwenye kujitambua kitu kimoja umesema kweli. Na uandike pia kwamba bomba lilipokuja wenzetu tisa waliacha kuja hata kwenye mchezo wa hela. Sie tuliobaki tulikwenda kudai taa za njiani. Hizo hatujapata.

boda_wa_kijiweni

Dogo wa duka karatasi unaipeleka lini? Maana jana jioni wametukamata watatu, faini imerudi ileile ya mwanzo, tena wameongeza na ya kioo. Katibu kaitisha kikao kesho saa moja asubuhi kabla ya kazi, na vijiwe viwili vya kule Duga wamesema wanakuja. Na yule wa Mikanjuni nae kaja kusalimia leo, kakamatwa yeye wa kwanza.

wa_barabara_ya_15

Ijumaa ndo mwisho. Usiniambie nianze upya ile aya.

boda_wa_kijiweni

Mie sikwambii kitu. Njoo na kalamu, daftari tunalo.